DARSA: FATAKI NA DHAMANA YA MWENYE KUIWASHA

 

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, tukiwa katika mlango wa dhamana, mzee mmoja wa mtaa alituuliza suali lililotufanya tufunge kitabu. Hakukusudia kututahayarisha, lakini tulitahayari. Alisema: "Sheikh, yule mtoto aliyepofuliwa jicho na fataki usiku wa Idi, haki yake imekwenda wapi?"

Mkasa wenyewe wajulikana na wengi wa wasomaji wetu, nasi hatutataja majina. Usiku wa kuamkia Idi ya mwaka jana, katika uwanja uliojaa watu, kijana wa miaka 17 aliwasha fataki akawatupia wenziwe ili awashtue. Mmoja wao alipoiona miguuni pake aliipiga teke. Ikaenda ikaangukia karibu na meza za mama zetu wauzao viazi vya karai na bajia, na hapo ndipo ilipolipuka, mbele ya uso wa mtoto wa miaka minane aliyekuwa ametumwa na bibi yake. Alipelekwa hospitali usiku ule ule. Jicho la kulia halikuokoka.

Ijumaa iliyofuata, wazee wa upande wa kijana walikuja msikitini na sinia la halwa na bahasha ya pesa ambazo hazikutosha hata gharama ya hospitali. Walisema maneno mazuri. Baba wa mtoto, mtu mpole na mnyonge, alisimama mbele ya watu akasema kuwa amesamehe, kwani lililotokea ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Watu wakamkumbatia. Sisi tulikuwapo, tuliinua mikono tukaomba dua, na jamaa wote wakaitikia amin. Halwa ikaliwa. Basi leo twataka kueleza, kwa kadiri ya ilimu tuliyo nayo, ni lipi tulilokosea siku ile.

Tuanze na neno hilo la kudra. Hakuna Mwislamu anayekanusha kwamba kila litokealo limo katika ujuzi wa Mwenyezi Mungu na makadirio yake. Lakini imani hiyo haikuletwa iwe pazia la kufichia madeni. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, ametajwa yule anayemwua muumini kwa kukosea, asiyekusudia hata kidogo, na pamoja na hayo amelazimishwa kafara na kuwapa jamaa wa maiti diya yao. Lau kama kudra yaondoa dhamana, aya hiyo ingekuwa haina kazi, kwani kila mwenye kuua kwa kukosea aweza kusema ni kudra; na kweli ni kudra, na kulipa kwake pia ni kudra.

Hapa pana jambo ambalo watu wetu hulichanganya, nalo ndilo ufunguo wa darsa yote. Dhambi ni kitu kimoja na dhamana ni kitu kingine. Dhambi hufuata nia ya mtu, na dhamana hufuata kitendo chake. Mtu akijigeuza usingizini akavunja mtungi wa mwenzake, hana dhambi yoyote, lakini thamani ya mtungi ataitoa. Mwenye njaa ya kumfisha amehalalishiwa kula chakula cha mtu asiyekuwapo, tena pengine kula huko kwaweza kuwa wajibu juu yake; hata hivyo akisalimika atamlipa mwenye chakula, kwa kuwa dhiki ya mtu haibatilishi haki ya mwenzake. Basi anayesema kuwa kijana hakukusudia, amejibu suali la dhambi. La dhamana bado hajaligusa.

Na hata katika hilo la kwanza hatuwezi kumtoa kijana wetu safi. Kutoa jicho hakukusudia, sawa. Lakini kutisha alikusudia, na kutisha kwenyewe ni jambo lililokatazwa. Imepokewa na Abu Daud kwamba masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, na baadhi yao wakenda wakachukua kamba aliyokuwa nayo, akashtuka kwa hofu. Ulikuwa mchezo tu wa wasafiri. Mtume s.a.w. akawaambia kuwa si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Hiyo ni kamba, na aliyetishwa hakuumia. Na katika Sahihi mbili, za Bukhari na Muslim, imepokewa na Abu Musa amri ya Mtume s.a.w. kwa mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale, kwamba aishike ncha zake asije akamdhuru mtu. Mtu huyo hakurusha mshale, hana ugomvi na mtu, apita tu na chombo chake. Naye ameamrishwa achukue hadhari kwa kuwa yuko mahali penye watu. Sasa tujiulize fataki ina ncha gani ya kushikwa ikishawashwa.

Wengine hudhani kitu hiki ni karatasi na kelele tu. Ndani ya fataki ya kawaida kuna baruti ile ile iliyokuwa ikitiwa mizingani, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, ambao kwa desturi katika kila sehemu 100 shura huwa kama 75, makaa 15 na kiberiti 10. (Waislamu wa kale waliijua shura. Ibn al-Baytar wa Andalusi, bingwa wa madawa aliyekufa mwaka 1248, ameitaja kitabuni mwake kwa jina la theluji ya Kichina, kwani Wachina ndio waliotangulia katika mambo haya.) Ama vile vijiti vitoavyo cheche, ambavyo wazazi wetu siku hizi huwapa hata watoto wa miaka mitatu wachezee, joto la ncha yake hufika nyuzi 1,000 za Selsiasi na kupita, ilhali maji ya chai huchemka kwa 100. Katika nchi ya Marekani, ambako watu huzipenda fataki kuliko sisi, serikali yao ilikadiria kuwa mwaka 2023 watu 9,700 walijeruhiwa nazo na 8 walikufa. Na majeraha mengi kupita mengine yalikuwa ya mikono na vidole, kisha kichwa, uso na macho.

Na kwa kuwa tumetaja macho, tuseme neno moja kabla hatujalisahau, kwani usiku ule kila mtu alikuwa na dawa yake, huyu asali na huyu maziwa. Waganga wa macho husema jicho lililopigwa na fataki lisisuguliwe, lisioshwe, lisibanwe, lisitiwe dawa yoyote, na kilichonasa ndani yake kisitolewe. Lifunikwe kwa kitu kisicholigusa, kama sehemu ya chini ya kikombe cha karatasi, na mtu apelekwe hospitali mara moja.

Turudi kwenye dhamana. Si lazima moto umguse mtu ndipo awajibike mwenye kuuwasha. Wanavyuoni wa madhihabi yetu ya Shafi wamesema kuwa mtu akimpigia ukelele mtoto mdogo aliye kwenye ukingo wa dari, naye akashtuka akaanguka akafa, diya yawajibika. Hakumgusa hata kwa kidole. Na vitabu vya fiqhi vimenukuu kisa cha Sayyidna Umar r.a., alipotuma mjumbe amwite mwanamke mmoja aliyekuwa na mimba. Mwanamke akaingiwa na hofu kwa haiba ya Khalifa, na kwa hofu ile mimba ikatoka na mtoto akafa. Umar akawataka masahaba shauri. Baadhi yao wakamwambia kuwa hana juu yake kitu, kwani yeye ni mtawala na alikusudia kuadabisha. Sayyidna Ali alikuwa kimya, na alipoulizwa akasema kuwa diya ya mtoto iko juu ya Umar, kwa sababu yeye ndiye aliyemtisha mwanamke. Umar akaikubali rai hiyo. Huyu ni Amirul-Muuminina, kazini mwake, kwa jambo la haki! Wala hakusema ni kudra, na yeye alikuwa na haki ya kulisema neno hilo kuliko sisi.

Sasa tuje kwenye jambo lililowachanganya wengi barazani, nalo ni la mikono. Upande wa kijana wasema kuwa fataki ilipomfika mtoto haikuwa imetoka mkononi mwa kijana wao, bali mguuni mwa mwingine. Na upande wa huyo mwingine wasema kuwa hakuwasha yeye, naye alikuwa akijiokoa. Hivi jicho limepotea na hakuna aliyelitoa.

Twapenda kuwaletea wasomaji kesi moja ya zamani ya Uingereza inayofanana na hii kwa namna ya ajabu. Wasishangae kumwona sheikh ataja hukumu za Waingereza. Tutaeleza sababu yake. Jioni ya tarehe 28 Oktoba mwaka 1770, katika mji mdogo wa Milborne Port, jimbo la Somerset, palikuwa na gulio, na watu wamesongamana ndani ya soko lililoezekwa. Mtu jina lake Shepherd alitupa fataki iliyowashwa kutoka njiani mpaka ndani ya soko. Ikaangukia kwenye meza ya Yates aliyekuwa akiuza mikate ya tangawizi. Mtu mwingine, Willis, ili ajiokoe yeye na bidhaa ya Yates, akaikamata akaitupa ng'ambo ya soko. Ikaangukia kwa Ryal, muuza mikate vile vile, naye akaikamata akaitupa upande mwingine. Huko ikampiga Scott usoni, ikalipuka, ikampofua jicho moja.

Scott alimshitaki Shepherd, yule wa kwanza. Baraza la wazee wa mahakama lilimhukumia Scott alipwe pauni 100, lakini mahakimu wakuu wakaachiwa waamue kama mashtaka yale yameletwa kwa mlango wake. Mwaka 1773 wengi wao walitoa hukumu kwamba Shepherd ndiye mwenye kuwajibika: kitendo chake cha kutupa fataki mahali penye umati kilikuwa kibaya tangu mwanzo, na wale wawili wa kati walifanya lile ambalo mtu hulifanya kwa kushurutishwa na hofu ya nafsi yake, basi mitupo yao ni muendelezo wa mtupo wa kwanza. Hakimu mmoja alikhalifu, naye ni Blackstone, mwandishi mashuhuri wa sharia zao. Alisema kuwa jeraha halikutoka moja kwa moja mkononi mwa Shepherd, na kwamba Willis na Ryal walikuwa watu wenye hiari zao; hivyo ilipasa mashtaka yaletwe kwa namna nyingine. Na jambo la kuzingatia zaidi: mshtaki na mshtakiwa wote wawili walikuwa hawajafika umri wa utu uzima. Scott alisemewa na mtu mzima, na Shepherd akasimamiwa na mlezi. Hakuna aliyesema kuwa ni mambo ya watoto.

Sababu ya kuitaja kesi hii ni kwamba, kwa sharia ya mahakama ya Kenya ya mwaka 1967, pale ambapo sharia iliyoandikwa haikutosheleza, mahakama zetu hufuata misingi ya hukumu za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Kwa hivyo fataki iliyotupwa Somerset mwaka 1770 yaweza kutajwa leo mbele ya hakimu wa Mombasa.

Na fiqhi yasemaje? Wanavyuoni wetu wametenga baina ya mubashara, nayo ni kutenda jambo kwa mkono wako mwenyewe, na sababu, nayo ni kufanya lile lililopelekea. Wakikutana mtendaji na msababishi, asili ni kwamba hukumu humwendea mtendaji. Na ndivyo ilivyoandikwa pia katika Majalla, ile sharia ya dola ya Uthmania ya karne ya kumi na tisa, kifungu cha 90. Wengi huishia hapo, wakasema: basi mwenye teke alipe. Lakini Imamu Nawawi na wenziwe hawakuishia hapo. Wamesema kuna mahali mtendaji humshinda msababishi, kama mtu aliyemtupa mwenzake kutoka juu, na kabla hajafika chini wa pili akampiga upanga akamkata. Mwenye upanga ndiye muuaji. Na kuna mahali sababu humshinda mtendaji, kama mashahidi waliotoa ushahidi wa uwongo mpaka mtu akauawa kwa hukumu. Dhamana ni ya mashahidi, wala si ya aliyetekeleza hukumu naye hajui. Na kuna mahali hulingana, kama aliyemlazimisha mwenzake kuua. Wote wawili huwajibika.

Basi mwenye teke wetu ni wa fungu lipi? Kwa rai yetu, mtu aliyekuta moto miguuni pake, akaondoa mguu wake na moto ukaondoka nao, hana hiari ya kutosha ya kukata mkono wa yule wa kwanza. Sababu hapa ina nguvu kuliko kitendo. Lakini lau angekuwa na nafasi ya kutazama, na upande mmoja ni bahari na upande wa pili ni mama wauza viazi, naye akachagua kuipeleka kwa watu ili naye acheke, tungesema amejitia mwenyewe katika dhamana pamoja na mwenzake. Hayo ni mambo ya ushahidi. Tuliwauliza waliokuwapo, na wote walitwambia kuwa lilikuwa teke la kushtuka. Kwa hivyo twamwona kijana aliyewasha kuwa ndiye mwenye deni.

Kuna wanaouliza: je, na mwenye kuziwasha nyumbani kwake? Mas-ala haya yamo vitabuni kwa jina la moto. Mtu akiwasha moto katika milki yake kama ilivyo desturi, kisha upepo ukazuka ghafla ukapeleka cheche kwa jirani, hana dhamana. Akiuwasha wakati upepo wavuma, au akaupita mpaka wa desturi, ana dhamana. Sisi wenye mapaa ya makuti twafahamu maana ya maneno haya, na mkesha wa mwaka mpya huangukia katika kaskazi. Ama njiani na uwanjani jambo ni zito zaidi, kwani njia ni ya wote, na kila mtu ameruhusiwa kuitumia kwa sharti ya usalama wa wenziwe. Na sharia ya serikali nayo, ile ya vitu vilipukavyo, Sura ya 115, yataka ruhusa kabla ya kuonyesha fataki.

Ama kumbi za harusi, siku hizi imekuwa mtindo kumwingiza bibi harusi baina ya chemchemi za cheche, na juu yake mapazia ya nailoni. Wenye kumbi wakumbuke yaliyotokea katika mji wa West Warwick, Marekani, tarehe 20 Februari 2003. Wanamuziki waliwasha fataki ndani ya nyumba ya starehe, kuta zikiwa zimepigwa sponji ya kuzuia sauti; moto ukapanda mara moja, na watu 100 wakafa. Aliyewasha alifungwa, mwenye nyumba mmoja alifungwa, na fidia ya kama dola milioni 176 ikatolewa na wengi, wakiwamo waliohusika na ile sponji. Katika Kenya mwenye kukalia jengo ana wajibu kwa anayeingia kwa ruhusa, na sharia yasema wazi kuwa atarajie watoto kutokuwa na hadhari kama wakubwa. Muuzaji naye asidhani ametoka. Amuuziaye mtoto fataki ajua amuuzia nini.

Sasa twafika kwenye kosa letu wenyewe.

Baba alisema amesamehe. Kusamehe ni jambo tukufu, lakini mtu husamehe kilicho chake. Katika barua ambayo Mtume s.a.w. aliwapelekea watu wa Yemen kwa mkono wa Amri bin Hazm, viungo vya mwanadamu vimewekewa viwango: diya kamili ni ngamia 100, jicho moja nusu yake, na kila kidole ngamia 10. Basi tangu usiku ule mtoto yule amekuwa na mali, nayo ni thamani ya ngamia 50, iliyo katika shingo za watu. Mali hiyo si ya baba yake. Baba ni walii, kazi yake ni kuihifadhi. Na walii hana ruhusa ya kuitoa sadaka mali ya mtoto, wala kuiuza kwa hasara, wala kumfutia deni mwenye kudaiwa. Baba aweza kusamehe machozi yake, na siku alizokosa kazi, na nauli aliyotoa mfukoni mwake. Jicho si lake. Sisi tuliosoma milango hii tangu utotoni tuliinua mikono juu ya hiba isiyosihi, kwa kuwa msikiti ulikuwa umejaa na kila mtu alikuwa amefurahi. Twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, na mtoto pia, ingawa bado ni mdogo wa kuyafahamu haya.

Hatukusema kuwa suluhu ni haramu. Walii aweza kusuluhisha ikiwa ndani yake mna maslaha ya mtoto, si maslaha ya kuondoa fedheha baina ya jamaa mbili. Na sharia ya Kenya hapa imekutana na fiqhi: kesi ya mtoto ikishafunguliwa, anayemsemea hawezi kufanya mapatano bila ya idhini ya mahakama.

Na nani alipe? Kijana wa miaka 17 kwa hesabu ya sharia ya dini ni baleghe, na kusema kuwa ni mtoto hakumfai. Kwa kuwa alikusudia kuwatupia watu lakini hakukusudia kujeruhi, twaona kitendo chake kiko karibu na kile kiitwacho shibhul-amdi. Na diya yake iko juu ya akila, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba. Katika madhihabi yetu akila hawaingii baba wala wana. Ni ndugu na ami na watoto wao, nao hulipa kwa miaka, si kwa siku moja. Wazee waliokuja na sinia ni ami zake kijana. Walikuja kama wasuluhishi, kumbe wao ndio wadaiwa.

Wako watakaosema twende kwa kadhi. Kwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, kadhi ana mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali hukumu yake. Jicho halimo. Anayetaka kudai kwa nguvu ya serikali aende kwa hakimu, na kwa desturi madai ya namna hii yana muda wa miaka mitatu. Anayekaa akingoja aibu iwaingie wenziwe aihesabu miaka hiyo. Tumemwambia baba azihifadhi karatasi za hospitali na fomu ya P3 ya polisi mahali pasipoingia mchwa.

Baada ya darsa ile tulikwenda kwa baba wa mtoto, tukamweleza kuwa tulimwacha aseme lile ambalo hakuwa na haki ya kulisema. Alinyamaza sana, kisha akauliza kama Mungu atamchukia kwa kuvunja msamaha wake. Tukamjibu kuwa hakuvunja kitu, kwani hakikufungika. Kisha tukenda kwa ami zake kijana. Mmoja alitutolea maneno makali, akasema: "Sheikh, halwa yetu mliila!" Ni kweli tuliila. Tukamwambia kuwa yeye atie thamani ya sehemu yetu, tutamlipa.

Yamezungumzwa mengi siku zile na hatuna haja ya kuyaeleza yote. Limeandikwa patano mbele ya wakili, kiwango kimetajwa, nacho kitatiwa kila mwezi katika akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa jina la mtoto, baba akiwa msimamizi pamoja na mtu mwingine asiyekuwa jamaa. Yule kijana mwenyewe, bila ya kuombwa na mtu, alikuja akataka jina lake liongezwe, kwani amepata kibarua bandarini. Karatasi iko kwetu. Ami wawili wametia sahihi, na mahali pa wa tatu bado ni patupu.